Miaka Yangu ya Kupatana Bei na Bi Somoe

Ninyi mnaobaki dukani mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, na mmeniletea daftari jipya na kalamu mbili. Nilipofika nyumbani Mjimwema nilizihesabu tena, ni mbili kweli. Nashukuru. Habari za cheo sitaandika, maana dukani kwetu cheo kilikuwa kimoja tu, cha mwenye funguo. Mshahara nao mnaujua, hauna cha kusimulia. Nitawaandikia habari za Bi Somoe, kwa sababu wengi wenu hamkumkuta, na kila asubuhi mnafuta vinyago kwa namna yake bila kujua ni yake.

Mimi nilikuwa nauza ndizi stendi. Siku moja akaja mama mfupi, kajitanda ushungi wa kijani, akaokota chane moja, akaigeuzageuza kama anatafuta jina la mwenyewe.

"Hizi ndizi zina umri gani?"

"Umri wa kuliwa, mama."

"Na bei yake imezaliwa lini? Naona imekua haraka kuliko ndizi."

Tulipatana mpaka basi la Mbinga likajaa, likaondoka. Yeye hakuongeza na mimi sikupunguza, akaenda zake mikono mitupu. Kesho yake akarudi na kuanzia palepale tulipoachia, kana kwamba tulinyamaza kumeza mate tu. Mwisho akanilipa bei yangu, kisha akasema, "Ukichoka kuuza vitu vinavyooza, njoo pale dukani karibu na makumbusho. Sisi tunauza vitu ambavyo hata vikikaa mwaka mzima havinuki." Nilikwenda nyumbani nikijisifu kwamba nimeshinda. Ilinichukua muda kuelewa kwamba siku ile aliyenunuliwa ni mimi.

Siku yangu ya kwanza sikuuza kitu. Nilipewa kitambaa na kopo la nta nikaambiwa nifute vinyago vyote vya rafu ya chini, halafu nihesabu, halafu nihesabu tena kuanzia upande wa pili. Nikamuuliza kwa nini mara mbili. Akasema, "Mara ya kwanza unahesabu kwa macho, na macho yanapenda kumaliza kazi mapema." Niliporudia nikakuta twiga mmoja amepungua. Alikuwa kwenye mfuko wa Bi Somoe. Alimtoa, akamrudisha rafuni. Tangu siku hiyo sijawahi kuhesabu kitu chochote mara moja, hata watoto wangu.

Kazi yenyewe niliikuta ina mambo ambayo hayaonekani kwenye kioo cha duka. Mpingo wa kweli mnaujua leo kwa sababu mimi niliwaonyesha, na mimi nilionyeshwa na yeye: kinyago kilichopakwa rangi ya viatu ukikisugua kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kinatoa siri. Wachongaji walipotuletea mzigo, Bi Somoe alikuwa anakaa na bakuli la maji miguuni, na wale wenye rangi ya viatu walikuwa wanasalimia na kupita kwenda maduka mengine. Vigoda vya mti mweupe alivisikiliza. Anakiweka kigoda sikioni, anakigonga, anasubiri. Wadudu wanaotoboa mbao wakiwa ndani, unga unadondoka begani kama poda. Hivyo tulivipaka mafuta ya taa na kuvianika nyuma ya duka, na wageni walikuwa wakiuliza harufu ile ni ya nini. Anawajibu, "Ni harufu ya asili." Uongo haukuwa. Hakusema asili ya nini.

Halafu kikokotoo. Ninyi mnakitumia kujumlisha. Yeye alikitumia kuzungumza. Mgeni asiyejua Kiswahili anabonyeza bei yake, anamgeuzia. Bi Somoe anaitazama ile namba, anaguna, anakilaza kikokotoo kifudifudi juu ya meza, kisha anaanza kukunja mkeka ambao hakuna aliyeuomba. Mgeni anakifunua mwenyewe na kuongeza. Niliona hivyo mara nyingi mno, na kila mara ilikuwa kama sinema ninayoijua mwisho wake lakini siondoki.

Songea si Arusha, mnajua. Hapa mtalii haji basi zima. Anakuja mmoja anayeelekea ziwani akapata pancha. Anakuja mwingine ambaye babu yake alikuwa padri mahali fulani huku, au hivyo anavyosema, ingawa padri kuwa babu ya mtu ni habari tulizoziacha bila kuuliza. Wanakuja wanafunzi kutoka makumbusho, wanashika kila kitu na kwenda kununua barafu nje. Na anakuja mtumishi wa serikali aliyehamishwa, anatafuta zawadi za kuagia. Huyo wa mwisho ndiye aliyetuweka mjini. Kwa hiyo siku nyingi duka lilikuwa sisi wawili na vinyago, na sisi wawili tulikuwa na kazi moja kubwa, kutaniana. Yeye Myao, mimi Mngoni, na hilo peke yake linatosha maneno ya mchana mzima.

"Mngoni, babu yako angekuja hapa angechukua vyote bila kuuliza bei."

"Na wako angekuwa ameshaviuza tangu jana."

Bi Somoe alikuwa mtu wa Nalasi, kule Tunduru. Songea alifuata mume, dereva wa lori, na mume akafariki, yeye akabaki na duka la watu. Mwenye duka alikuwa Dar es Salaam, tunamjua kwa sauti tu. Nalasi kulikuwa na mikorosho ya marehemu baba yake, na dada yake, Bi Atha, ambaye kila msimu alikuwa anatuma salamu kwamba mikorosho inaangusha na wa kuokota hayupo. Msimu ukiingia Bi Somoe anabadilika. Anasimama mlangoni anatazama upande wa barabara ya Namtumbo. Anachukua korosho moja, anainusa, lakini haili. "Narudi kwetu," anasema, kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Siku moja nikamuuliza kinachomzuia.

"Funguo," akasema. "Sina wa kumwachia."

"Na mimi?"

Akanitazama tangu kichwani mpaka kwenye kandambili. "Wewe unamuuzia anayetaka kununua. Hata ndizi inajua kufanya hivyo. Siku utakayomuuzia mtu kitu ambacho ameanza kwa kukitukana, bila kuniita, siku hiyo nakupa funguo na kesho yake napanda basi la Tunduru."

Mtu mwingine angechukulia hilo kama mtihani wa kufaulu. Mimi nililiona kama tarehe ya msiba. Nyumbani nilikuwa na mume na watoto, nilikuwa na wa kula nao. Wa kubishana naye nilikuwa naye mmoja tu. Kwa hiyo kila aliyeingia dukani na kukunja pua, nilikuwa nageuka na kuita, "Bi Somoe, mgeni wako." Anakuja, anamuuzia, ananitazama. Nadhani alijua. Misimu ya korosho ikapita, akawa anainusa moja na kuiweka mezani, na mimi nikawa naifagia jioni pamoja na vumbi.

Ndipo akaja yule bwana wa Iringa. Alikuwa msimamizi wa mafundi wa barabara, mtu wa tumbo na buti za vumbi. Bi Somoe alikuwa nyuma ya pazia anachukua udhu wa adhuhuri. Bwana yule akachukua kigoda cha kwanza alichokikuta.

"Hiki ni kigoda au kuni iliyokosa moto?"

Mnielewe. Nilikuwa na nia kabisa ya kuita. Mdomo ulishafunguka. Lakini mtu akinitupia neno la namna hiyo, jibu langu huwa limeshafika kabla yangu.

"Ni kigoda, kaka. Kuni tunawauzia wanaokuja na shoka."

Akacheka kidogo. Akakiweka chini, akakitikisa. "Mguu mmoja mfupi."

"Mguu hauna shida. Sakafu yetu ndiyo imeinama kukusalimia."

"Bei gani?"

"Elfu arobaini."

"Arobaini? Wewe mtani, kwa arobaini Iringa nakalia kochi."

"Na ukihamishwa kazi, kochi linataka lori. Hiki kinataka kwapa."

"Chukua ishirini."

 Nilikichukua kigoda kutoka mkononi mwake, taratibu, nikakifuta pale alipokishika, nikakirudisha rafuni, nyuma ya ngao. Hiyo nilikuwa nimeiona kwa Bi Somoe mara nyingi, lakini mikono yangu haikuwahi kuifanya. Akakifuata kwa macho.

"Haya, thelathini."

"Huko porini jua linapowapiga, wenzako wanakalia nini?"

"Ndoo za rangi."

"Thelathini na tano. Wao wabaki na ndoo. Na nitakufungia kwa gazeti la leo, la jana nawafungia wengine."

Akalipa. Akatoka akiwa amekibana kwapani, bado anacheka. Nilipogeuka, Bi Somoe alikuwa amesimama kwenye pazia, maji yanamdondoka kwenye viwiko.

"Mguu ulikuwa mfupi kweli," akasema.

"Ulikuwa mfupi."

"Basi."

Akaenda kuswali. Mimi nilikaa nikiangalia ile nafasi iliyobaki rafuni, nikajaribu kusogeza vigoda vingine viizibe, na kila nilivyovisogeza nafasi ilihamia pengine.

Hakupanda basi kesho yake kama alivyosema, kwa sababu nilipatana naye bei. Nilianza juu, kama alivyonifundisha.

"Bi Somoe, kaa miaka mitatu mingine. Bado sijui kupokea mzigo wa vyungu."

"Wiki moja. Vyungu havina maneno mengi, kimoja kikipasuka usikipokee."

"Basi mwaka."

"Wiki mbili. Na hiyo ya pili nakupa kwa sababu ya utani."

"Korosho zipite kwanza."

"Korosho ndizo ninazozifuata, wewe."

Tulikwenda hivyo siku nzima, tukiuza katikati. Mgeni anaingia, tunamhudumia, anatoka, tunaendelea. Nilipomwambia angoje angalau Idi ipite, tule naye pilau, alikunja kitambaa cha kufutia vinyago mara nne, akakiweka juu ya kopo la nta. "Hapo umefika," akasema. Nikajua sina tena cha kuongeza.

Idi ilipita. Stendi nilimbebea sufuria na mikeka, tukahesabu mizigo chini, na utingo alipoipakia tukaihesabu tena juu. Alipokaa dirishani nilitaka kusema jambo la maana, nikasema, "Chenji ya nauli umechukua?" Akasema amechukua. Basi likaondoka.

Tangu siku hiyo funguo nilikuwa nazo mimi. Alikuwa anapiga simu bila salamu. Napokea, "Shikamoo Bi Somoe," na yeye anasema, "Umeuza?" Nikisema nimeuza, anataka kusikia alivyosema mteja na nilivyojibu, neno kwa neno. Pakiwa na jibu lililonipita, ananipa hapohapo, mteja akiwa ameshafika Njombe. Nilikuwa naahidi kwenda Nalasi kila msimu, na kila msimu kulikuwa na mzigo wa kupokea.

Baadaye mwenye duka akaleta vibandiko vya bei. Mnavijua, ndivyo mlivyovikuta. Sisemi ni vibaya. Mgeni anaingia, anageuza kinyago tumboni, anasoma, analipa kwa simu, anatoka, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Duka limekuwa safi na kimya kama zahanati Jumapili. Lakini kuna mchana nilikuwa nakamata kigoda, nakitikisa mwenyewe na kusema kwa sauti ya mwanaume, "Mguu mmoja mfupi," halafu nasubiri. Mmoja wenu alinikuta siku hiyo, akauliza kama nimemwita. Nikasema hapana, napima sakafu.

Nilipomweleza Bi Somoe habari za vibandiko, alitaka kujua vinabandikwa wapi. Kisha akauliza, "Sasa mnaongea nini na watu?"

Simu ya mwisho haikuwa yake. Ilikuwa ya Saidi, mtoto wa Bi Atha, kabla hakujapambazuka. Ndugu wengine walikuwa wameshaambiwa, akasema, na mama mdogo wake, Bi Somoe, aliwahi kusema Mngoni wa Songea naye aambiwe. Mazishi baada ya alasiri. Nilipanda basi la kwanza, nikashuka Tunduru, nikachukua bodaboda, na njia nzima mikorosho ilikuwa imesimama pande zote mbili, ile aliyokuwa akiitazama kutoka mlangoni kwetu akiwa mbali nayo kiasi kile.

Nilifika wanaume wako uani, jeneza limeshaletwa, wanawake wako ndani naye. Niliingia nikamwona. Walikuwa wamemaliza kumvisha sanda. Alikuwa mfupi zaidi ya nilivyomweka kichwani.

Kwa wale wasiojua, huku mtani anapofika msibani hatakiwi kulia tu. Anatakiwa afanye fujo. Anazuia maiti isitoke, anadai alipwe, anamsema marehemu, na wafiwa wanacheka hata kama hawataki, ndiyo kazi yake. Walipomlaza kwenye jeneza na wanaume wakaingia kulichukua, niliketi kwenye kizingiti, nikanyoosha miguu kutoka mwimo mpaka mwimo.

"Hatoki mtu hapa," nikasema. "Huyu ni mali ya duka. Mlimchukua Songea bila kufika bei."

Nikasikia mtu uani anasema, "Watani hao wamefika," na wanawake wakaguna ule mguno wa kucheka na machozi. Saidi akainama mbele yangu kwa heshima.

"Unataka nini, shangazi?"

"Jogoo."

Jogoo akaletwa, kafungwa miguu.

"Na debe la korosho."

Likaletwa.

"Na doti ya kanga, isiyofuliwa."

Ikaletwa. Nikaanza kuogopa. Saidi ni kijana mwema, na vijana wema ni wateja wabaya mno, wanakubali bei ya kwanza na kukunyima la kusema. Nikatafuta cha kudai nikaona kinapungua, na nikiishiwa watapita. Nje, shehe akakohoa. "Mtani, wakati wa swala umekaribia."

Ndipo Bi Atha akatoka kule ndani. Sikuwahi kumwona. Ana uso wa dada yake, ule ule, na macho mekundu. Alimsogeza mwanawe kwa kiganja, akachuchumaa mbele ya miguu yangu.

"Jogoo mrudishe."

"Simrudishi."

"Ulimtazama? Ana jicho moja."

Nikamtazama. Alikuwa na jicho moja. Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka, na nilipokuwa nacheka alimchukua jogoo na kumpitisha nyuma.

"Basi kanga hii sitoi," nikasema.

"Ina maandishi ya harusi. Utaivaa wapi na umri huo?"

"Nitaolewa na Myao, nimkomeshe."

"Myao gani atakukubali kwa debe moja la korosho? Lete na hilo debe, hukuja na gari. Utalibeba na nini?"

"Kwa kichwa."

"Kichwa hicho kimejaa maneno, korosho zitakaa wapi?"

Kanga ikaenda. Debe likaenda. Nikadai bakuli, akasema kikombe. Nikasema viganja viwili, akasema kimoja. Nilikuwa nashikilia kile kiganja cha pili kama mtu anayeshikilia shamba, maana nilijua chini yake hakuna kitu tena ila miguu yangu na mlango. Na nikaona jambo. Bi Atha hakuwa na haraka. Kila nilipokaribia kunyamaza, yeye ndiye aliyetupa neno jingine, lenye mpini, nilishike. Shehe akakohoa tena. Wanaume walikuwa wamesimama wamekamata jeneza, wamelishusha kidogo, wanasikiliza.

"Kimoja," akasema Bi Atha. "Na kiwe changu, si chako."

"Chako ni kidogo."

"Ndiyo maana nakwambia kiwe changu."

Nilifungua mdomo. Maisha yangu yote jibu limefika kabla yangu, na hapo halikufika.

"Haya," nikasema.

Akachota korosho, akanimiminia mkononi. Nikakunja miguu, nikajivuta pembeni ya mwimo. Wanaume wakainama, wakainua, wakapita, na kitambaa cha jeneza kikanipitia begani. Uani wakaanza kuitikia shahada, sauti zikaelekea upande wa mikorosho.

Bi Atha alikuwa bado amechuchumaa mbele yangu, mkono wake uko juu ya wangu.

"Ungekaza kidogo," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mimi nilikuwa bado naongeza."